Fundi Moffat na Benchi la Waliotengwa

Ukiwauliza watu wa Gatitu Moffat Kihara alikuwa mtu wa namna gani, wengi watacheka kwanza ndipo wajibu. Watakuhadithia juu ya penseli. Moffat alikuwa fundi wa mbao, na penseli yake nyekundu ilishinda nyuma ya sikio la kulia mchana kutwa, ilhali yeye mchana kutwa alikuwa akiitafuta. Angesimamisha kazi, apindue mbao, akung'ute aproni, awashuku watoto wa jirani, na penseli imetulia pale pale sikioni. Mkewe, Wachuka, aliacha kumsaidia kuitafuta tangu mwaka wake wa kwanza wa ufundi. "Huyu mzee Mungu alimpa masikio mawili," alikuwa akisema. "Moja la kuweka penseli, na lingine la kukosa kunisikia."

Ufundi aliupata kizuizini. Wakati wa Hali ya Hatari Waingereza walimchukua akiwa kijana wa kulima viazi, wakamfungia miaka mitano, na huko akafundishwa kuranda na kupiga msumeno ili awatengenezee mabwana wa kambi vitanda vya kulalia. Alitoka na mapafu mabovu na mikono mizuri. Akafungua karakana kando ya barabara ya kwenda Nyeri mjini, na kuanzia hapo kila kitu cha mbao Gatitu kilipita mikononi mwake: meza, makabati ya vyombo, vitanda vya maharusi, na majeneza. Hayo ya mwisho watu hawapendi kuyataja. Lakini mtu akifa, wa kwanza kufuatwa alikuwa Moffat na futi yake ya kupimia.

Tulipopata uhuru, kanisa letu nalo lilipata paa la mabati, na Moffat akapewa kazi ya kutengeneza mabenchi. Alipomaliza, mzee wa kanisa aliyeitwa Simeon Mathenge akamwendea karakana na kumwagiza benchi moja zaidi. Simeon alikuwa mtu mwembamba, mnyofu, asiyecheka, na alipenda kanuni za kanisa kama wengine wanavyopenda chai.

"Hii ni ya wale wametengwa," Simeon akasema. "Itakaa nyuma, karibu na mlango. Usiiwekee mahali pa kuegemea."

"Mbona nisiiwekee?"

"Mtu anatubu hawezi kukaa kama ako harusini."

Moffat hakuona ubaya. Alichukua mabaki ya mbao za saiprasi, akatengeneza benchi la watu watatu, kwa maana wazee waliamini kwamba nchi ikiwa huru wenye dhambi hawatakuwa wengi. Ni kazi aliyoifanya akipiga mluzi. Kila nikikumbuka mluzi ule namwonea huruma.

Yafaa nieleze kutengwa kulikuwaje. Msichana akipata mimba kabla ya ndoa, jina lake lilisomwa mbele ya kanisa lote, naye akatoka alipokuwa ameketi na kwenda kwenye benchi lile. Hakugusa Meza ya Bwana. Angekaa huko hadi ajifungue na wazee waridhike kwamba ametubu. Na mama yake, kama alikuwa katika Chama cha Akina Mama, alivuliwa kitambaa. Kitambaa hicho kilikuwa cheupe chenye ukingo wa samawati, na mwanamke hakupewa hivi hivi. Alikingoja miaka, akifundishwa, akipimwa tabia, hadi siku aliyofungwa kichwani huku kanisa zima likimpigia vigelegele. Binti akiteleza, mama alirudi kukaa kichwa wazi, na vigelegele vile vikawa kama havikupigwa. Ukiniuliza waliowapa mimba walikaa wapi, nitakuambia wengine walikuwa kwenye kwaya, sauti ya besi, na waliendelea kuimba.

Basi usishangae kwamba akina mama walitafuta njia. Njia ilikuwepo, ingawa serikali iliikataza. Bendera ilikuwa imebadilishwa na wimbo wa taifa ukabadilishwa, lakini sheria ya kutoa mimba iliachwa vile vile Waingereza walivyoiandika: msichana miaka saba jela, na anayemtoa mimba miaka kumi na minne. Sheria ilisimama mbele na kitambaa kikasukuma kutoka nyuma, na msichana akabanwa hapo katikati. Njia yenyewe ilielekea Wang'uru, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, ambako kulikuwa na mwanamke aliyekaa nyuma ya ghala za mchele. Ukimkuta mtu barabarani akakuuliza waenda wapi, ulisema waenda kununua mchele. Wanawake walilijua jibu hilo. Wanaume hawakulijua, kwa sababu hawakuuliza.

Moffat alilijua kwa ajili ya Waithira.

Waithira alikuwa binti wa Ngendo, jirani wa ua mmoja na Moffat, mjane mwenye sauti kubwa na kitambaa kilichopigwa pasi hata siku za sokoni. Waithira na Watiri, binti wa Moffat, walikua wakibadilishana magauni. Mwaka wa sabini na moja, mwezi wa tano, Ngendo alikwenda Wang'uru na bintiye kununua mchele. Walirudi na nusu gunia na msichana anayetetemeka. Ngendo alisema ni malaria, kule chini mbu ni wengi. Kabla ya wiki kuisha Waithira alikuwa amefia hospitalini mjini, na Moffat akaitwa na futi yake.

Kwenye matanga watu walikula wali. Moffat alipokea sahani yake, akala vijiko viwili, kisha akabaki akiiangalia. Kwetu siku hizo wali ulikuwa chakula cha Krismasi na harusi. Matangani tulikula githeri, mahindi na maharagwe. Hakuna aliyekuwa ameoa, na Krismasi ilikuwa mbali, na wala msiba haukuwepo Ngendo alipoondoka kwenda kuununua. Aliirudisha sahani jikoni.

Yaliyobaki aliambiwa na Koplo Ogutu. Huyu alikuwa polisi kutoka upande wa ziwa, mtu mkubwa, mpole, aliyesali nasi kwa kuwa kanisa letu lilikuwa karibu na nyumba yake. Alikuja karakana kuagiza kabati, akaketi juu ya mbao, na kabati likasahaulika.

"Mimi ndiye niliwekwa pale kwa kitanda yake, mzee," akasema. "Daktari aliripoti. Nikaambiwa kaa hapo, akiamka umuulize nani alimpeleka, halafu umshike. Sasa nimekaa kwa kiti, naomba Mungu aamke. Halafu nakumbuka akiamka nitamfunga pingu. Naanza kuomba asiamke kwanza. Mzee, sikujua tena naomba nini."

"Na aliyempeleka?"

"Tukimjua, atafungwa. Mama yake anasema malaria." Ogutu akainuka, akapangusa suruali. "Mimi sijasikia mtu mwingine akisema kitu ingine."

Miaka miwili ikapita. Watiri alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu, wa kwanza katika ukoo wao, na Moffat alimtajia kila mteja hata asiyeuliza. Mtu angekuja kununua kigoda, akaondoka akijua alama za Watiri za hesabu. Halafu Watiri akarudi nyumbani katikati ya muhula, akasema ana homa, akashinda chumbani. Siku ya Jumatano, Moffat akiwa ameinama kutafuta penseli chini ya meza ya kazi, Wachuka alisimama mlangoni.

"Baba Watiri, Ijumaa nitaenda Wang'uru na Watiri."

"Kufanya nini?"

"Kununua mchele."

Moffat alinyoosha mgongo. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja nyuma ya sikio, ukaikuta penseli. "Mchele wa nini?" akauliza taratibu. "Krismasi bado."

"Nimeutamani tu," Wachuka akajibu, akaondoka haraka.

Siku hiyo hakuranda tena. Aliketi juu ya rundo la mbao hadi jua likageuka, akikumbuka jinsi alivyompima Waithira. Watiri alikuwa mrefu kumzidi kwa vidole vitatu. Hakutaka kulijua hilo, lakini jicho lake lilikuwa limezoea kupima, na alichukia jicho lake. Kisha akamwita bintiye karakana, akamwambia ashike upande wa pili wa ubao, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuanza mazungumzo naye.

"Mchele mnaenda kununua," akasema, "ni ule wa Ngendo?"

Ubao ulianguka. Watiri alijifunika uso kwa viganja, na Moffat akapata jibu lake. Alitamani kupiga kelele. Alitamani kumtafuta kijana fulani wa kwaya aliyemshuku na kumpiga kwa nyundo. Badala yake akamwekea kigoda.

"Mama amesema nini?"

"Amesema hawezi kuvuliwa kitambaa mbele ya watu. Amesema atakufa, baba."

Moffat aliinama akauokota ubao. Alikuwa mtu wa maneno machache, na haya aliyasema akiwa amempa mgongo.

"Watiri, mimi nimetengenezea watu sanduku tangu nitoke kizuizini. Wazee, watoto, yule alikanyagwa na ng'ombe. Hakuna mtu amewahi kufa juu ya kuvuliwa kitambaa. Ningejua. Angeletwa hapa."

Akageuka. "Lakini mimi si wewe. Sasa nikuulize kitu, na unijibu ukweli, sitakasirika. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kijana alikuwa amesema hamjui, chuo kilimwambia abebe sanduku lake arudi kwao, na mama yake alimwambia asitapike kwa sauti. Watiri alilia mpaka akapata kwikwi. Alisema alitaka kuwa mwalimu. Alisema alitaka haya yote yasingekuwa yametokea. Alisema kila akifumba macho anamwona Waithira akitoka langoni na gunia tupu kichwani, akimpungia mkono. Mwisho akasema anaogopa kwenda, kwamba hataki kwenda, na kwamba anamwogopa mama kuliko hata kufa.

"Mama wachia mimi," Moffat akasema. Hakuwa na hakika hata kidogo.

Sitamsema Wachuka vibaya, na yeyote atakayemsema vibaya hamjui. Mumewe alipokuwa kizuizini yeye alichimba handaki la kuzingira kijiji chini ya bunduki za askari, mdogo wake Watiri mgongoni, na akamzika mtoto huyo kabla ya Moffat kumwona. Hakuna serikali iliyompa asante, si ile ya kwanza wala hii ya pili. Kitambaa ndicho kitu pekee alichowahi kupewa watu wakishangilia. Moffat alipomwambia safari ya Ijumaa haipo, Wachuka alimtupia maneno makali ambayo sitayaandika, kisha akaketi sakafuni jikoni akikishika kitambaa mapajani.

"Unajua ni miaka ngapi nimengoja hii?"

"Najua. Na Ngendo bado ako na yake," Moffat akasema. "Enda umuulize kama anaipenda."

Ijumaa ilifika, na hakuna aliyekwenda Wang'uru.

Habari hazikukawia kuwafikia wazee, na jina la Watiri likapangwa kusomwa Jumapili ya pili yake. Jumamosi, Moffat alichukua toroli, nyundo, gundi na mbao mbili nzuri za podo alizokuwa amemwekea bwana mmoja wa benki, akaenda kanisani. Hakumwomba mtu ruhusa. Asubuhi ya Jumapili, Simeon Mathenge alilikuta benchi la waliotengwa likiwa na mahali pa kuegemea, pamerandwa, pamelainishwa kwa msasa, na pamelazwa nyuma kidogo kama kiti cha mkuu wa wilaya.

"Fundi! Hii ni nini?"

"Ni mgongo."

"Nani alikuambia uweke?"

"Mwanamke ako na mimba anaumwa na kiuno, mzee. Hiyo si dhambi, ni mifupa. Mimi niliitengeneza bila mgongo wakati sikuwa na mtoto wa kuikalia."

"Itoe."

"Itoe wewe."

Simeon, akiwa amevaa suti yake ya Meza ya Bwana, alishika ubao na kuvuta. Alivuta tena. Benchi zima likamfuata kidogo kidogo hadi mlangoni, lakini ubao haukung'oka, maana Moffat hakuwa mtu wa kazi ya kubabaisha. Watoto wa shule ya Jumapili walianza kucheka, na kengele ikalia. Simeon akalirudisha benchi mahali pake akihema, na ibada ikaanza.

Jina likasomwa. Watiri akatoka. Mke wa Simeon akamwendea Wachuka kumvua kitambaa, na Wachuka akakivua mwenyewe kabla hajaguswa, akamkabidhi, macho mbele. Nilikuwa hapo, na naweza kusema hakuna kuku aliyelia Gatitu nzima. Kisha upande wa wanaume Moffat akasimama. Hakuwa ametengwa, jina lake halikuwa limesomwa, na katika historia ya kanisa lile hakuna mwanamume aliyekuwa amelikalia benchi lile. Alitembea hadi nyuma na penseli yake sikioni, akaketi kando ya bintiye, akaegemea.

Alikaa hapo kila Jumapili. Wazee walimwita mara mbili kumhoji, na mara zote mbili aliwauliza ni kanuni gani inakataza fundi kukalia kazi yake. Bibi wazee, wakiingia, walianza kulijaribu benchi lile kwa mkono, na mmoja akanong'ona kwamba dhambi siku hizi imepata starehe. Wachuka hakucheka. Aliketi katikati ya kanisa kichwa wazi, peke yake, na nyumbani alimpikia mumewe bila kusema naye zaidi ya lazima.

Mtoto alizaliwa mwezi wa mvua ndefu, msichana. Sasa kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama yake baba. Lakini huyu baba yake alikuwa besi asiyemjua mtu, na mtoto wa namna hiyo huhesabiwa upande wa mamake. Kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Mtoto alikuwa Wachuka. Mkunga alitoka chumbani na kumwambia Wachuka mkubwa, "Njoo ujione," na Wachuka mkubwa, ambaye miezi yote hiyo alikuwa amekauka macho, alimchukua yule mdogo, akamtazama pua, akamtazama vidole, akalia kwa sauti hadi Moffat akaja mbio na patasi mkononi akidhani kuna aliyekufa.

Chuo hakikumrudisha Watiri. Nisingependa mtu adhani kila kitu kiliisha vizuri. Aliishia kushona nguo kwenye duka la mjini, akashona vizuri, na mara nyingine nilimwona akisimama nje ya shule akisikiliza watoto wakisoma kwa sauti.

Jumapili ya kwanza ya kumpeleka mtoto kanisani, Watiri alikuwa bado ametengwa. Aliingia na kwenda kwenye benchi lake, na baba yake akamfuata. Wachuka aliingia nyuma yao, mtoto mgongoni. Alifika pale alipozoea kuketi, akasimama, akageuka, akarudi nyuma. Aliketi kati ya mumewe na bintiye na kumshusha mtoto mapajani. Benchi la watu watatu likawa limejaa.

Ndipo tukamwona Ngendo akitoka mstari wa mbele, kule wanakokaa wenye vitambaa. Alikuja katikati ya kanisa, polepole, mikono ikifungua fundo kisogoni. Alipofika nyuma kitambaa kilikuwa kiganjani, na nywele zake zilikuwa zimeota mvi ambazo hatukuwahi kuziona. Ngendo alikuwa na sauti kubwa siku zote, na hata alipojaribu kuipunguza tulimsikia hadi madhabahuni.

"Sogeeni kidogo," akasema. "Hapa ndipo Waithira wangu angekaa."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nilimtazama Koplo Ogutu, kwa maana sote tulimtazama, na yunifomu yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri asubuhi hiyo. Alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo, akifungua kurasa moja baada ya nyingine kwa bidii, na kitabu alikuwa amekishika juu chini. Alikuwa hajasikia. Hata leo ukimuuliza, hajasikia.

Moffat aliinuka, akampisha Ngendo. Ngendo akaketi na kuegemea, na Wachuka akamwekea mtoto mikononi. Moffat alisimama mlangoni hadi mwisho wa ibada. Kisha akatoa futi mfukoni, akaanza kupapasa aproni ambayo hakuwa ameivaa, akitafuta penseli, ili apime benchi refu zaidi.